Heko kwa Sinagogi ya Nairobi

Kakuma, yenye kambi ya wakimbizi tangu 1992, inajua uzito wa kufika ugenini bila mwenyeji. Ndiyo maana kutoka huku Turkana natoa pongezi zangu kwa jumuiya ya Wayahudi wa Nairobi, ambayo imekuwa mwenyeji wa watu wake kwa zaidi ya karne.

Mwaka 1903 Uingereza ilipendekeza Wayahudi wapewe Uasin Gishu (wenyeji hawakuulizwa), na mwaka 1905 kongamano lao likakataa. Lakini wachache walikuwa wameshafika kwa njia zao. Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, aliingia 1903 kupitia Afrika Kusini, na baadaye akamiliki Hoteli ya Norfolk. Sinagogi ya kwanza ilikuwa imesimama kufikia 1913.

Heshima yangu kubwa ni kwa kazi yao ya miaka ya 1930. Wakimbizi wa Hitler walipowasili, wengi wakiwa mawakili na wafanyabiashara wasiowahi kushika jembe, jumuiya iliwasaidia kwa fedha na kuwatafutia kazi mashambani. Vita vilipoanza 1939, wanaume walizuiliwa kama raia wa adui, wao waliomkimbia adui huyohuyo!

Jengo la sasa la sinagogi, karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, ni la miaka ya 1950, na Sabato bado inaadhimishwa humo. Nalo shirika la HIAS, lililoanzishwa na Wayahudi wa Marekani kuwapokea ndugu zao, leo linawahudumia wakimbizi wa mataifa mengi nchini Kenya. Hongereni sana.