Nani Alizishusha? Shaaban Robert na Vita vya Jangwani

Katika semina zetu mjadala huishia palepale: Shaaban Robert, katika Utenzi wa Vita vya Uhuru, 1939 hata 1945, alikuwa kasuku wa Mwingereza. Uhuru wa nani, huuliza wenzangu, ilhali Tanganyika yenyewe ilikuwa chini ya Mwingereza huyohuyo? Swali ni zuri, silikatai. Kitabu kilichapwa 1967, mtunzi amekwishafariki na bendera yetu imekwishapanda. Jina lake linachoma hata likiwa rafuni. Lakini jamani, tukishamhukumu mtu kwa jina la kitabu, fani tunamwachia nani?

Chukua Tobruk, bandari ya Libya. Kuanzia Aprili 1941 Wajerumani na Wataliani waliizingira kwa zaidi ya miezi 7. Mbele jangwa, nyuma bahari. Waliokuwamo waliponea meli zilizoingia usiku, zikapakuliwa gizani. Juni 1942 Rommel aliutwaa mji, akakamata mateka zaidi ya 30,000.

Sasa, tenzi zetu zinalijua jangwa tangu zamani. Utenzi wa Tambuka, wa Pate, 1728, unalivusha jeshi katika jangwa la Arabuni. Lakini pale yupo Ali. Upanga unalia, ubeti unakwenda na farasi. Kwenye mzingiro shujaa ni nani? Ni debe la maji na mgongo uliolibeba. Utenzi unaoahidi miaka 6 ya vita vya dunia nzima hauna budi kukimbia, na anayekimbia haoni mgongo. Hapo ndipo ninapomlaumu Shaaban Robert, wala si kwenye siasa yake. Karani wa forodha hadi 1944, bwana! Nani aliijua shehena kumshinda? Na fani ilimpa nafasi: kile kina cha mwisho wa ubeti hurudi na kurudi, kama meli ile ya usiku.

Naandika haya Kariakoo, jina lililobaki kutoka kikosi cha wapagazi wa Waingereza katika vita vya 1914–1918. Pale mjini Sanamu ya Askari, tangu 1927, imeelekeza bunduki bandarini. Wapagazi wamo kwenye maandishi ya chini tu. Vita vya pili navyo viliwapeleka vibarua wa Afrika Mashariki hadi Afrika Kaskazini.

Juzi nilimsimulia Tobruk mchukuzi mmoja hapa sokoni. Alikaa juu ya mkokoteni wake, akasikiliza vizuri, kisha akauliza: hizo meli za usiku, nani alikuwa anazishusha?