Kimeungwa na Nini? Mlo Usio na Mnyama Mtwara Mjini

Anayeshuka kutoka Chilangala, Newala au Masasi kwenda Mtwara mjini, naye hali nyama, samaki, mayai, maziwa wala samli, asingoje bango la mgahawa limwelekeze. Wapo wanaohitimisha kwamba mji wa wavuvi hauna chakula cha mtu kama huyo. Kosa lao ni kutafuta mgahawa wa pekee, wakati chakula hicho kiko jikoni kwa mama lishe kila siku. Kukipata kunataka ujue anavyopanga masufuria yake na anavyotoza.

Anza na bei. Samaki na nyama ndivyo vitu ghali, kwa hiyo hupikwa peke yake na kuuzwa kwa kipande. Wali, ugali, maharage na mboga za majani hukaa masufuria mengine, kwa kuwa mteja mwenye fedha kidogo lazima naye apate sahani. Mpangilio huo wa biashara unamfaa sana mla mimea, ila kuna mahali unapovuja. Mpakuaji mkarimu humwagia wali mchuzi wa samaki bila kuombwa. Dagaa au uduvi wakavu huweza kutiwa ndani ya kisamvu ili kikolee, na wakishatwangwa macho hayasaidii tena. Pilau ya nyama huivia ndani ya supu yake. Kuondoa minofu hakubadilishi kitu. Hata kusema “sili nyama” hakutoshi, maana wengi hawamhesabu samaki kuwa nyama. Swali lenye kazi ni la kimapishi: “Shikamoo mama, kisamvu hiki kimeungwa na nini? Mna dagaa ndani?” Mpishi anajua alichoungia, na jibu lake huwa fupi: nazi, karanga, mafuta.

Likiwa nazi, kaa ule. Mbaazi huchemshwa hadi zilainike, kisha hutiwa tui jepesi zichemkie humo. Tui zito huingia mwishoni kwa moto mdogo, likikorogwa lisikatike. Mafuta ya tui hilo hubeba harufu ya kitunguu na bizari, na kuupa mchuzi uzito ambao mpishi mwingine angeutafuta kwenye samli. Karanga au korosho zilizotwangwa hufanya kazi hiyohiyo katika kisamvu. Ujuzi huu haukuletwa na watalii. Uwanda wa juu wa Makonde hunyonya maji ya mvua upesi, mito juu yake hakuna, na ng'ombe hawakuwa tegemeo la wakulima wake. Waliishi kwa muhogo, mbaazi, kunde, njugu mawe, na ming'oko inayochimbwa porini, ambayo hadi leo huchemshwa na kuuzwa stendi kwa abiria.

Saa nayo ina maana. Asubuhi ndiyo rahisi kuliko zote: mbaazi za nazi na vitumbua vya mchele, tui, hamira na iliki. Maandazi na chapati yafaa kuyaulizia, kwani huweza kuwa na mayai, maziwa au samli. Usiku ni mgumu, kwa sababu mafuta ya chipsi huenda ndiyo yaliyokaangia samaki. Hapo muhogo wa kuchoma kwa chumvi na pilipili ni salama zaidi.

Atakayesema heri kwenda Dar es Salaam, Kisutu, kwenye migahawa ya Wahindi isiyopika nyama, ana hoja nusu. Mapishi hayo hutumia sana samli, mtindi na jibini, hivyo swali la kuungia linabaki palepale.

Pingamizi zito ni la afya, na halistahili kupuuzwa, hasa huku kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wa Mtwara ulipata milipuko ya konzo, ugonjwa unaopoozesha miguu ghafla. Huwapata watu wanaokula kwa wingi muhogo mchungu usioandaliwa vya kutosha, huku wakikosa protini. Mwili huhitaji asidi amino zenye salfa, zitokazo kwenye protini, ili kuidhoofisha sianidi, sumu iliyomo katika muhogo huo. Sahani ya ugali wa muhogo na majani matupu, siku baada ya siku, siitetei. Ninachotetea ni sahani yenye jamii ya kunde pamoja na mbegu: mbaazi zina lisini nyingi na methionini (asidi amino yenye salfa) kidogo, ufuta ni kinyume chake, na vyote viwili vinalimwa kusini. Vitamini B12 haipatikani kwa kutegemea mimea, kwa hiyo asiyekula kabisa vitu vya mnyama atumie tembe au chakula kilichoongezewa vitamini hiyo.

Hoja ya mwisho ni ya soko la mbaazi hizo: Agosti 2017 India iliwekea kikomo uagizaji wa mbaazi, na bei ikaporomoka kwa wakulima wa kusini waliotegemea soko lile. Mtwara mjini nako mbaazi za nazi zimezoeleka kama chakula cha asubuhi, na mchana sufuria huachiwa maharage, ambayo sehemu kubwa hutoka Nyanda za Juu Kusini. Mama lishe wa Mtwara akipika mbaazi na mchana pia, mkulima wa Chilangala atapata mnunuzi wa karibu, na asiyekula nyama atapata mlo wa kushiba saa saba bila kumtaabisha mpishi.