Maana ya Kusoma: Uhakiki wa Dhana ya Kisomo katika Mitaa ya Mashariki ya Nairobi

Neno kusoma lina upana katika Kiswahili ambao aghalabu tunausahau tunapoingia darasani. Twasoma kitabu, twasoma maulidi, twasoma hitima. Na mtu aliyepita shule twasema kuwa amesoma, hata kama hajafungua kitabu tangu atoke huko. Neno chuo, katika Kiswahili cha zamani, lilimaanisha kitabu na vilevile mahali pa kukisomea. Kwa Wagikuyu wa enzi za misheni, athomi, yaani wasomaji, lilikuwa jina la wale waliofuata dini mpya. Kwa hivyo, kusoma hakujawahi kuwa kazi ya jicho na herufi peke yake. Siku zote kumekuwa pia dalili ya mahali mtu alipo katika jamii yake.

Shabaha ya makala haya ni kuyachunguza madai mawili yanayosikika sana kuhusu watoto wa mitaa ya mashariki ya Nairobi. Dai la kwanza ni kwamba watoto hao hawajui kusoma kwa sababu Sheng imewaharibia lugha. La pili, ambalo ni geni kidogo, ni kwamba wanajua kusoma tayari, ila shule haiutambui usomaji wao. Tutajaribu kuonyesha kuwa dai la kwanza ni kosa, na kwamba la pili ni nusu ya ukweli, na nusu hiyo huweza kumdhuru mtoto.

Tuanze na hali ilivyo. Mtoto wa Majengo, Pumwani, aendaye madrasa asubuhi ya Jumamosi husoma hati ya Kiarabu kutoka kulia kwenda kushoto. Jumatatu shuleni husoma hati ya Kirumi kwa Kiingereza na kwa Kiswahili. Njiani huzisoma nambari za matatu, akajua kuwa 6 na 9 zaenda Eastleigh na 58 yaenda Buruburu, na huyasoma maandishi na michoro iliyojaa ubavuni mwa magari hayo. Nyumbani huisoma kanga ya mamaye, ambayo jina lake huenda ni fumbo analotupiwa jirani. Jioni humsomea nyanya yake ujumbe wa M-Pesa, huduma iliyoanza mwaka 1007+1000, yaani 2007, na kumweleza salio lililobaki. Mtoto huyu akiandikwa kuwa hajui kusoma, yatupasa kuuliza: ni kusoma kupi?

Swali hili liliwahi kuulizwa kwingineko barani Afrika. Sylvia Scribner na Michael Cole walifanya utafiti miongoni mwa Wavai wa Liberia, wakautoa kitabu chao mwaka 1981. Wavai wana hati tatu: hati yao wenyewe, ambayo wengi walijifunza bila kwenda shule na kuitumia katika barua na hesabu zao, hati ya Kiarabu kwa mambo ya dini, na hati ya Kirumi kwa Kiingereza cha shule. Watafiti hao waligundua kwamba kila kisomo kilimpa mtu ustadi uliolingana na kazi ya kisomo hicho. Kujua kusoma na kuandika hakukumgeuza mtu kuwa na akili ya namna nyingine kwa jumla. Miaka mitatu baadaye, 1984, Brian Street aliyeishi na wanakijiji wa Iran alifikia rai iliyo karibu na hiyo, kwamba hakuna kisomo kimoja kisicho na mwenyewe, bali viko visomo vingi.

Wanaolipenda dai la pili hupenda kuwataja wataalamu hawa. Lakini yafaa wasomwe hadi mwisho. Ikiwa kila kisomo huzaa ustadi wake, basi ustadi wa kuusoma ujumbe wa M-Pesa hautaandika insha wenyewe, wala kulisoma fumbo la kanga hakutamfundisha mtoto kuichambua hoja ya kurasa kumi. Hapa ndipo sifa zinazomiminwa juu ya kisomo cha mtaa zinapogeuka kuwa kisingizio. Tukisema kuwa mtoto wa Dandora tayari anasoma kwa njia yake, tukaishia hapo, tumemwachia njia hiyo peke yake, huku mtoto wa mtaa wa kitajiri akipewa njia zote mbili.

Tutazame sasa suala la Sheng. Msimbo huu ulikua katika mitaa ya mashariki, mahali ambapo watoto wa makabila mengi walikutana uani na njiani, na Kiswahili ndicho kilichokuwa kiunzi chake. Walimu na watahini wamelalamika mara nyingi kwamba msamiati wake huvamia insha. Malalamiko hayo yana msingi. Hata hivyo, mwalimu anayeishia kuchora mstari mwekundu hupoteza mfano mzuri wa sarufi. Mtoto husema "nimedishi", lakini katika Kiswahili sanifu ataambiwa aandike "nimekula", si "nimela". Kwa nini ku- ibaki katika neno moja na isiwepo katika lingine? Jibu ni kwamba mzizi -la una silabi moja, nacho kiambishi -me- hakiwezi kubeba mkazo. Ku- huingia ili iubebe. Mzizi -dishi una silabi mbili, hauhitaji msaada huo. Tena katika "sijala" ku- haionekani, kwa kuwa -ja- yaweza kubeba mkazo. Mwanafunzi anayeongozwa hivyo hujifunza kanuni ya Kiswahili sanifu kutoka kinywani mwake mwenyewe, na hatakuwa na haja ya kuionea haya lugha ya kwao.

Kwa upande wa maandishi, mfano unaostahili kuhakikiwa ni jarida la vibonzo la Shujaaz, lililoanza mwaka 2010 na kusambazwa bure pamoja na gazeti la Daily Nation. Mhusika wake Boyie ni kijana aliyemaliza shule bila kupata kazi, naye hutangaza redio kwa siri kutoka chumbani mwake. Sifa ya jarida hili ni kwamba liliiweka Sheng katika maandishi mbele ya wasomaji wengi, na likamchukulia kijana wa mtaani kuwa msomaji. Kasoro yake, kwa mtazamo wa darasa, ni kwamba picha hubeba sehemu kubwa ya maana na sentensi hubaki fupi. Tena dhamira aghalabu hutangulia, hadithi ikafuata nyuma kama mtumishi wake. Lafaa kuwa mlango wa nyumba, lakini nyumba yenyewe ni lazima mtoto aikute ndani.

Teknolojia nayo ilitazamiwa kuziba pengo. Mwaka 2016 serikali ilianza kugawa vishikwambi kwa darasa la kwanza katika shule za msingi za umma, na mtaala wa umilisi ulioanza kutekelezwa baadaye uliutaja ujuzi wa kidijitali miongoni mwa umilisi wake wa msingi. Nia ilikuwa njema. Lakini katika mitaa ya mabanda ya mashariki watoto wengi husoma katika shule ndogo za kibinafsi, ambazo mpango huo haukuzilenga. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona, masomo yakahamia redioni na kwenye runinga, ilidhihirika kwamba kifaa bila mtu wa kuulizwa swali si mwalimu. Isitoshe, kishikwambi kilichopakiwa mazoezi yaleyale ya kitabu ni kitabu kinachohitaji umeme. Kingemfaa mtoto zaidi kama angekitumia kurekodi ngano za nyanya yake, kisha akaziandika kwa Kiswahili sanifu.

Jambo la kusikitisha ni kwamba msingi wa sera uliwekwa zamani. Kamati ya Gachathi ilipendekeza mwaka 1976 kwamba madarasa ya chini yafundishwe kwa lugha inayotawala katika eneo la shule. Katika mitaa tunayoizungumzia, lugha hiyo ni Kiswahili. Hata hivyo, shule nyingi zimeendelea kukimbilia Kiingereza, na wazazi wameziunga mkono, kwa kuwa wanaona ni lugha gani inayoajiri. Hatuwezi kuwalaumu. Lakini mtoto anayefundishwa kusoma kwa lugha asiyoielewa hufundishwa kutamka tu.

Hoja yetu, basi, ni hii. Dhana ya kisomo yapasa kupanuliwa ili mwalimu ajue mtoto ameingia darasani na nini, wala si ili shule ipunguziwe wajibu wake. Matawi ya maktaba ya McMillan yaliyoko Kaloleni na Makadara yako katikati ya mitaa hii. Mtoto anayelisoma gari la matatu apite mlango huo, akute humo vitabu vya Kiswahili vya kumtosha, na mwalimu wa kumwonyesha kwamba aliyoyasoma njiani na atakayoyasoma humo ni kazi moja yenye ngazi nyingi. Asiyemwonyesha ngazi ya pili amemnyima haki yake, hata kama ameisifu ya kwanza.