Pensheni ya Kibarua: Uhakiki wa Sheria za Hifadhi ya Jamii

Tangu mwaka 2018, ilipopitishwa sheria iliyounganisha mifuko ya PSPF, LAPF, GEPF na PPF kuwa mfuko mmoja wa watumishi wa umma, PSSSF, mjadala wa pensheni Tanzania Bara umekuwa mjadala wa kikokotoo. Kanuni za mwaka huo zilitaka mstaafu alipwe kwa mkupuo asilimia 25 ya mafao yake, zikapingwa, zikasimamishwa. Mwaka 2022 ikawekwa asilimia 33, na bajeti ya 2024 ikaipandisha hadi 40 kwa baadhi ya watumishi wa umma.

Hatubezi madai hayo. Mwalimu aliyefundisha miaka 35 anadai jasho lake. Lakini wanaojadiliana hapa ni wale ambao tayari wana pensheni. Swali la nani hana, na kwa nini hana, limeachwa nje.

Jibu limo ndani ya sheria zenyewe. Katika PSSSF, na katika NSSF inayohudumia sekta binafsi, mwanachama hupata pensheni ya kila mwezi akiwa amechangia miezi 180, yaani miaka 15. Kwa mtumishi wa kudumu sharti hili ni jepesi. Sasa tumpime kibarua wa shamba la mkonge kwa kipimo hicho hicho. Akiandikwa miezi 6 kila mwaka, atahitaji miaka 30 kutimiza michango 180, tena iwapo mwajiri amepeleka kila mchango. Asipotimiza, hulipwa fedha za mara moja tu. Sheria imewatazama wote kwa jicho moja, lakini matokeo yake ni ya kitabaka: mwenye kazi ya uhakika hupata uzee wa uhakika, mwenye kazi ya kubahatisha huzeeka kwa kubahatisha.

Ni dhahiri basi kwamba kasoro haianzii kwenye mfuko, inaanzia kwenye ajira. Mwajiri anayemfanya mtu kibarua wa daima anakwepa gharama ya uzee wake, na kuwatwisha mzigo huo wakulima, ndugu zake wa kijijini. Huo ni unyonyaji, hata kama hauonekani katika daftari la mishahara.

Wengine watasema kwamba NSSF imewafungulia mlango waliojiajiri. Ni kweli, na ni hatua njema. Lakini mama lishe hana mwajiri wa kuchangia naye. Hiari ya mtu asiye na akiba si hifadhi.

Azimio la Arusha la 1967 liliwahesabu wazee miongoni mwa wanaostahili kutegemea jasho la wengine bila kuitwa wanyonyaji. Halikuuliza mzee alikuwa na mkataba wa namna gani. Zanzibar ilianza mwaka 2016 kuwalipa wazee waliofikia miaka 70 pensheni jamii, shilingi 20,000 kwa mwezi wakati ule. Kiasi kilikuwa kidogo, lakini msingi wake ni sahihi: haki inatokana na uzee, si aina ya ajira.

Hivyo basi, makada wanapokutana na wafanyakazi kujadili asilimia za mkupuo, wawaulize kwanza vibarua wa mahali hapo wana michango ya miezi mingapi. Hapo ndipo mjadala wa haki unapoanzia.