Sehemu Moja ya 120 ya Sekunde

Kiangazi cha 1964, kamera za televisheni ziliingizwa katika ukumbi wa Lunt-Fontanne, New York, ambamo Richard Burton alikuwa akiigiza Hamlet chini ya uongozi wa John Gielgud. Watazamaji walikuwa wamekata tiketi kama kawaida. Waigizaji walivaa nguo za mazoezi, kama Gielgud alivyotaka. Ufundi huo uliitwa Electronovision, na shabaha yake ilikuwa kuufikisha mchezo kwenye majumba ya sinema kote Marekani. Burton kasifiwa vya kutosha. Anayenivutia mimi ni fundi aliyeugeuza mchezo huo kuwa filamu.

Majumba ya sinema yalikuwa na projekta za filamu, na picha ya kamera za televisheni ilikuwa umeme mtupu. Njia ya kuigeuza iliitwa kineskopu: kamera ya filamu huelekezwa kwenye kioo cha televisheni na kukipiga picha.

Ukisikia hivyo utadhani ni kazi ya mtoto. Fundi huanza na mwanga, akiupunguza polepole, kwa kuwa weupe unaopendeza machoni huiunguza filamu. Kisha huizungusha lenzi kidogo kidogo mpaka mistari inayoijenga picha itengane, mmoja mmoja.

Hapo hesabu inaanza. Televisheni ya kawaida ya Marekani wakati huo ilichora picha 30 kwa sekunde, kila moja kwa nusu mbili: mistari ya witiri, halafu ya shufwa. Sinema inataka picha 24. Mafundi waligawa sekunde katika sehemu 120, na kila picha ya filamu ikapata sehemu tano. Kwa sehemu nne shata, kizuizi cha mwanga ndani ya kamera, huwa wazi, muda unaotosha nusu mbili kamili. Katika sehemu ya tano shata hujifunga, na papo hapo kijino cha chuma huingia kwenye tundu la filamu, huivuta hatua moja, huchomoka, na filamu hutulia tuli. Kamera ya kawaida ya sinema hupewa zaidi ya mara mbili ya muda huo.

Shata ikichelewa kidogo tu, mistari michache hupigwa mara mbili na utepe mweupe hukata picha. Ikiwahi, utepe huwa mweusi. Kwa hiyo fundi hurekodi kipande cha majaribio, hukipeleka maabara, hukisubiri kisafishwe, hukitazama, hurekebisha, na kuanza upya. Sijui kazi nyingine ambayo ikifanywa vizuri kabisa haionekani kuwa imefanywa.

Kwa skrini ya sinema, mistari 525 ya televisheni ya nyumbani ya wakati huo ilikuwa haba, ndiyo maana Electronovision ilitumia mistari mingi zaidi. Hata hivyo picha ilitoka na ukungu na kijivu kingi.

Tarehe 23 na 24 Septemba 1964 Hamlet ilionyeshwa katika majumba karibu 1,000, na mpango ulikuwa nakala zote ziharibiwe baadaye. Burton alibakiza moja, ikapatikana nyumbani kwake baada ya kifo chake. Baadaye filamu hiyo ilitolewa kwa kuuzwa. Itafute, na uvumilie ukungu wake.