Mafundi wa Njia za Damu

Oktoba 1917, katika hospitali ya Sidcup, Uingereza, daktari Harold Gillies alikuwa akimtengenezea uso baharia kijana aliyeungua vibaya katika vita vya majini vya Jutland. Alibandua ngozi ya kifuani akaipandisha usoni, akaacha mikanda miwili ya ngozi imeshikamana na mabega ili ilete damu. Akaona kingo za mikanda zinajikunja zenyewe. Akazishona pamoja, ikawa mirija. Nyama mbichi ikafunikwa isipate vidudu, nayo damu ikapita salama mpaka ngozi iliyohamishwa ikaota mishipa mipya usoni.

Watu husifu mshono. Linalostahili sifa zaidi ni kuijua njia ya damu, maana kipande kinene cha ngozi na nyama kisichopata damu huoza hata kishonwe vizuri namna gani. Carl Manchot, mwanafunzi wa udaktari huko Strasbourg, alichora ramani ya ateri za ngozi mwaka 1889, na wapasuaji walichukua miongo mingi kuifaidi. Mwaka 1973, mjini Melbourne, Ian Taylor na Rollin Daniel walikata kabisa kipande cha ngozi ya kinena, wakakipeleka mguuni na kuunga mishipa yake chini ya hadubini. Mishipa ya namna hiyo ina upana wa milimita moja au mbili, na uzi wake ni mwembamba kuliko unywele.

Afrika Mashariki nayo imeonja matunda ya ufundi huu: Archibald McIndoe, aliyefundwa na Gillies, alikuwa mmoja wa wapasuaji watatu walioanzisha shirika la afya la AMREF mwaka 1957, pamoja na Michael Wood na Tom Rees.

Mtihani mkubwa ni mishipa iliyougua. Sigara huibana, kisukari huifanya ngumu kwa chokaa, hata sindano ikipita ukuta wake hupasuka. Chukua mgonjwa wa saratani anayehitaji taya jipya. Mfupa mwembamba wa mguu, fibula, unafaa sana, lakini huondolewa pamoja na ateri yake. Chini ya goti kuna ateri kuu tatu, na hiyo ni mojawapo. Kama mbili nyingine zimeziba, hiyo inayotamaniwa ndiyo pekee inayoulisha unyayo, na kuichukua ni kumpa mtu taya na kumnyang'anya mguu. Ndiyo maana mpasuaji hodari huipiga picha mishipa kwanza, na wakati mwingine huuacha mfupa huo akatafuta bega au nyonga. Uamuzi huo wa kuacha ni sehemu ya ubingwa wake.

Baada ya upasuaji kazi humwangukia muuguzi, naye hutajwa mara chache mno. Kila saa, mchana na usiku, hukigusa kipande kilichohamishwa. Kikipauka na kupoa, damu haiingii. Kikivimba na kuwa zambarau, damu haitoki. Wakati mwingine huwekwa ruba wainyonye. Mara nyingi, akiwahi kuita, mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji, bonge la damu linatolewa, na taya linapona.