"Tabaka la Chini" au "Tandiko"?

Wafasiri wa maelekezo ya tangi la kioo la samaki na mimea huelekea kuuita mchanga na udongo uliomo ndani yake "tabaka la chini". Istilahi hii ina kasoro. (Tuache kwamba msomaji wa maandishi ya siasa atawakumbuka kwanza makabwela.)

Mwenye tangi la mimea hutandaza mboji, kisha huifunika kwa mchanga au changarawe ndogo. Hapo "tabaka la chini" ni lipi: yote mawili, ama mboji peke yake? Katika kupanga mawe utata huu huleta hasara. Baadhi ya samaki wa Ziwa Tanganyika huchimbua mchanga. Kwa hiyo mawe makubwa hukalishwa kwanza kwenye sakafu ya tangi, ndipo mchanga ukamiminwa kandokando. Mwalimu akielekezwa ayapange "juu ya tabaka la chini" atayaweka juu ya mchanga. Samaki watachimbua, mawe yataporomoka, na kioo huenda kikapasuka.

Twapendekeza "tandiko", yaani kilichotandikwa, kiwe cha tabaka moja au matatu. Lakini lisienezwe kila mahali. Katika delta ya Rufiji chaza hushika mizizi ya mkoko. Kiingereza hutumia hapo neno lilelile, nasi hatulazimiki kukifuata. "Shikizo" lafaa zaidi. Na mwanafunzi wa Mtunda, Wilayani Kibiti, hatahitaji kuelezwa kwa nini mzizi unaobaki hewani maji yakipwa usiitwe "tabaka la chini".